Kisima Kilichochimbwa na Mtu Asiyekuwapo

Katika watu wa Siyu waliokwenda kuhiji mwaka ule, wote walirudi isipokuwa Mwalimu Shali bin Hamadi, mnakili wa misahafu. Homa ilimwangusha njiani, wenzake wakamdhania amekwisha, na alipopata fahamu alijikuta mikononi mwa msafara wa watu wa jangwani waliomlisha uji wa shayiri mpaka akaweza kusimama. Walipoona madoa ya wino kwenye vidole vyake walifurahi mno. Mfalme wao, walisema, alikuwa akitafuta mtu mwenye vidole vya namna hiyo.

Hivyo ndivyo alivyofikishwa Dhamra, mji wa udongo mwekundu uliozungukwa na ukuta mrefu, na nje ya ukuta mchanga mtupu kila upande macho yanakofika. Mji ulikuwa na visima vinne, masoko mawili na ufalme mmoja, ufalme wa ukoo wa Banu Sahwani. Mfalme wa wakati huo aliitwa Muqbili. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano, na kwa mujibu wa vitabu alikuwa ametawala miaka tisini na mmoja.

Jambo hilo la miaka Mwalimu Shali alielezwa siku yake ya kwanza kazini. Aliyemweleza ni Sheikh Nasbani, mkuu wa Diwani ya Kumbukumbu, ofisi ya vitabu vya ufalme, mzee mwembamba mwenye sauti ya upole na nguo safi kuliko za mtu yeyote mjini. Alimkalisha kwenye mkeka, akamwekea mbele kalamu tano na kisu kidogo chenye makali pande mbili.

"Kalamu nazijua," alisema Mwalimu Shali. "Kisu cha nini, sheikh?"

"Kisu ndiyo kazi yenyewe," alijibu Sheikh Nasbani. "Kalamu ni za kufuatia."

Kisha akamsomea Sheria ya Mfalme wa Kwanza. Ilisema kwamba Dhamra haijawahi kuwa na mfalme ila huyu aliyeketi. Aliyemtangulia, kama alikuwapo, hakuwapo. Basi kila kiti kilipopata mtu mpya, vitabu vyote vilishushwa rafuni, jina la kale likakwanguliwa na jina jipya likaandikwa palepale. Yaliyofaa kufanywa na mfalme mpya alipewa yeye. Yasiyofaa yalikwanguliwa yasiandikwe kitu. Neno "kuua" halikuruhusiwa. Ndugu akimchoma ndugu jambia, kitabu kilisema, "Alimwachia kiti."

"Wamekuwa wangapi, kwa kweli?" aliuliza Mwalimu Shali.

Sheikh Nasbani alitazama mlangoni. "Mmoja," alisema. Baadaye, akiwa ameinama kuchonga kalamu, aliongeza kwa sauti ndogo: "Mwanadamu akijua wamekuwa kumi na mmoja, atauliza kwa nini wasiwe kumi na wawili. Sisi tunazuia swali hilo. Watu wanalala kwa amani kwa sababu yetu, mwalimu." Na ilionekana wazi kwamba anayaamini maneno yake, au kwamba ameyasema mara nyingi hata hayamsumbui tena.

Mwalimu Shali alikuwa mgeni, mgonjwa wa jana, na wa kumrudisha kwao walikuwa hawa hawa. Alichukua kisu akaanza kazi.

Jina alilopewa kukwangua lilikuwa Turadi. Mikono iliyomtangulia ilikuwa imefika nusu ya vitabu. Turadi alikuwa ametawala miaka mitatu, mpaka alipomwachia kiti binamu yake Muqbili. Mwalimu Shali alilikuta jina hilo katika barua, katika hukumu, katika hesabu ya mvua. Maishani mwake alizoea kuandika majina kwa kuyatukuza, akitia udhu kwanza. Sasa alikaa kutwa akiyapuliza yakiwa vumbi jeusi, na jioni alikoga mara mbili.

Nje ya Diwani sheria ile iliishi na watu kama vile baridi inavyoishi na watu wa milimani. Ukimuuliza mtu wa Dhamra umri wake, kwanza anatazama nani yuko karibu. Siku moja Mwalimu Shali alitumwa mahakamani kupeleka daftari, akakuta kesi ya mwanamke aitwaye Nuwayri, mshonaji wa viriba vya maji katika mtaa wa watengeneza ngozi. Mumewe alikuwa amefariki, na ndugu za mume walidai nyumba.

"Uliolewa lini?" kadhi aliuliza.

"Mwaka wa nzige wengi."

"Mwaka huo haumo vitabuni."

"Nzige walikuwapo, kadhi. Walikula mpaka paa la nyumba yangu."

Kadhi alifungua daftari, akaligeuza ili kila mtu aone ukurasa mweupe uliokwanguliwa. Hakuwa mtu mkatili. Alimwambia kwa upole kwamba ndoa iliyofungwa siku isiyokuwapo si ndoa, na watoto wawili waliozaliwa humo hawana kosa ila hawana baba. Nuwayri alitazama ule ukurasa mweupe kwa muda, akainua kiriba alichokuja nacho, akatoka bila kuaga. Mwalimu Shali aliutambua ukurasa. Aliukwangua yeye mwenyewe, siku ya Jumanne, na alikuwa ameisifu kazi yake kwa kuwa karatasi haikutoboka.

*

Akiwa mgeni wa dola, alipaswa kupewa nyumba, na Sheikh Nasbani alimpa nyumba tupu karibu na ukuta wa mashariki. "Haina mtu," alisema. "Haimo hata kwenye daftari la mtaa." Mwalimu Shali alipofungua mlango alimkuta mama mtu mzima ameketi barazani mwa ndani, akikaanga buni kwenye kikaango cha chuma.

"Usishtuke," alisema yule mama. "Mimi simo. Karibu kahawa."

Huyo alikuwa Bibi Wadha, mama yake Turadi. Kwa kuwa mwanawe hakuwapo, mama yake hakuweza kuwapo, na nyumba yake ilikuwa tupu. Askari hawakumfukuza, maana kumfukuza kungemaanisha yupo. Alikula alicholetewa na majirani waliosema wanawalisha paka.

Waliishi hivyo miezi mingi, mgeni katika chumba cha mbele na mwenyeji asiyekuwapo katika chumba cha nyuma. Hakuwa mama wa kulialia. Alikuwa na ulimi mkali, alipenda kahawa chungu na habari za bahari, ambazo hakuziamini hata kidogo.

"Maji yasiyo na mwisho, na hamyanywi?"

"Yana chumvi, mama."

"Basi mnayaweka ya nini?"

Hakumwuliza kazi yake. Alijua. Siku moja tu, akimmiminia kikombe cha tatu, alisema, "Leo umemfuta mara ngapi?"

Mwalimu Shali aliona haya. "Mara thelathini na nne, mama."

"Alikuwa na kovu hapa," alisema, akigusa nyusi yake ya kushoto. "Alipanda mtende akaanguka. Hilo halikuandikwa mahali popote, kwa hiyo hamtalipata." Akanywa kahawa yake taratibu mpaka ikaisha.

*

Mwaka wa pili wa Mwalimu Shali mjini, jeshi la Sultani wa Kasaba lilitoka kusini likauzunguka mji. Mahema yalionekana kutoka juu ya kila paa. Siku ya tisa baraza la mfalme lilikutana kulijadili jambo hilo, na Mwalimu Shali aliitwa kuandika yatakayosemwa.

Shida ya kwanza ilikuwa kwamba kitabu kilishasema hakuna adui aliyewahi kuufikia ukuta wa Dhamra. Waziri mmoja alitaka kitabu kisahihishwe. Mwingine alisema kitabu hakikosei, kwa hiyo walio nje si maadui. Walishindana tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Mwishowe walikubaliana kuwaita "wageni wasiobisha hodi," na siku ile amri zote za vita zilitolewa chini ya kichwa cha ukarimu.

Shida ya pili ilikuwa maji. Visima vitatu kati ya vinne vilikuwa vimekauka, na cha nne kilitoa tope. Kapteni wa ukuta, mtu asiyejua kuzungusha maneno, alisimama akasema, "Na kile cha tano? Kila mtu anajua kulikuwa na cha tano. Maji yake yalikuwa matamu."

Kisima cha tano kilichimbwa na Turadi. Muqbili aliposhika kiti, kisima kilifunikwa kwa jiwe usiku mmoja, mafundi waliokifunika wakapelekwa mbali, na juu yake kukajengwa. Wakati wa Turadi maji yalitolewa kwa mfereji kutoka ua uliofungwa, na Muqbili hakutaka kuambiwa mahali; katika mji uliojaa nyumba mpya za udongo, hakuna aliyeweza kusema kwa hakika ni wapi.

"Kisima kisichochimbwa hakina maji," alisema kadhi. "Na anayekunywa maji yake anakunywa shaka."

"Watoto wanakufa mtaa wa ngozi," alisema kapteni. "Nipeni hiyo shaka niwapelekee."

Sheria ya visima ilikuwa ya kale kuliko sheria ya wafalme: hakuna kisima kinachofunguliwa mpaka kiandikwe, na hakiandikwi bila jina la aliyekichimba. Waziri alipendekeza kiandikwe kuwa cha Mfalme Muqbili. Kadhi alitikisa kichwa. Mchimbaji aliye hai huapa mbele ya maji yenyewe kwamba ni mkono wake, na kiapo cha uongo juu ya maji hata katika Dhamra hakuna aliyethubutu kukila. Mfalme mwenyewe aliinamisha uso.

Jioni Sheikh Nasbani alimfuata Mwalimu Shali barazani. Midomo yake ilikuwa imepasuka. "Yule anajua palipo," alisema.

"Yule nani, sheikh?"

"Usinitie makosani. Yule asiyekuwapo."

*

Bibi Wadha alisikiliza mpaka mwisho. Hakukuwa na kahawa tena. Mbele yake kulikuwa na kikombe kikavu, alichokishika kwa mazoea.

"Nitawaonyesha," alisema. "Lakini kwanza liandikwe jina lake. Turadi bin Ajlani, ndiye aliyechimba. Liandikwe katika daftari la visima na muhuri upigwe. Sitaki kingine, wala sitaki wamlilie."

"Mama, watu wanakufa sasa hivi."

"Wangu alikufa kwanza." Kisha, kana kwamba maneno hayo yamemchosha, alisema, "Njoo nikuonyeshe kitu, mwanangu. Uelewe kwamba sifanyi ukaidi."

Akamtoa nyuma ya nyumba, penye kiwanja kidogo chenye mitende mitatu. Chini ya mtende wa katikati ardhi ilikuwa imefagiliwa vizuri, bila jiwe wala alama. "Walimtupa jaani. Nilimleta hapa mimi na mwanamke mmoja ambaye naye kafa. Nilimlaza kwa mikono hii. Tangu hapo sijapata kusema jina lake kwa sauti ya kawaida, nanong'ona tu kama mwizi. Nataka liwe mahali fulani. Hata kama ni kwenye daftari la maji."

Mwalimu Shali alirudi ikulu. Mfalme alimpokea peke yake, ameketi chini sakafuni kwa sababu ya joto, kilemba kimefunguka. Kwa karibu alionekana mdogo kuliko miaka yake, na macho yake yalikuwa mekundu ya mtu asiyepata usingizi.

"Anataka jina," alisema mfalme.

"Ndiyo, maulana."

"Tulifundishwa kupanda farasi siku moja, mimi na yeye. Nilianguka nikalia, akawaambia watu ni yeye aliyelia." Alikusanya kitambaa cha kilemba mapajani. Mwalimu Shali hakujua atazame wapi. "Mwandikie. Nitapiga muhuri. Ila tia maji kwenye wino, mwalimu. Uwe mwepesi."

Mwalimu Shali alielewa. Wino mzito hunywewa na karatasi mpaka chini. Mwepesi unakaa juu na kuondoka kwa mkwaruzo mmoja. Alikuwa na saa nzima ya kufikiri kabla ya kuandika. Alifikiri kuhusu Siyu, kuhusu mke wake Mwanaisha ambaye labda keshakaa eda na kuitoka, kuhusu shingo yake. Akatia maji. Yalikuwa matone sita tu, katika mji usio na maji, na kila moja alilisikia likidondoka.

Bibi Wadha hakujua kusoma. Alipoletewa daftari aliomba ashikwe kidole kiwekwe juu ya jina. Mwalimu Shali alikishika kile kidole chembamba akakipitisha herufi kwa herufi.

"Ni zuri?" aliuliza.

"Ni zuri, mama."

"Limekaa imara?"

Mwalimu Shali alisema ndiyo.

Kisima kilikuwa chini ya zizi la farasi wa mfalme. Askari walibomoa ukuta, wakaondoa samadi, wakainua jiwe kwa magogo, na ubaridi ukapanda ukawapiga usoni. Mtaa mzima ulilia. Watu walikunywa wakiwa wamepiga magoti, wakanywesha wazee, wakamwagia watoto kichwani. Nuwayri, yule mshonaji viriba, alijaza viriba kumi na viwili na kuvibeba kimoja kimoja kuwapelekea wasioweza kutembea, wakiwamo ndugu za mumewe waliomtoa nyumbani kwake. Kwa siku chache watu walisema jina la Turadi hadharani, wakianza kwa woga, kisha kama watu wanaosalimiana.

Siku ya tano Sheikh Nasbani alilileta daftari la visima, akaliweka mbele ya Mwalimu Shali pamoja na kisu. Mwalimu Shali alikwangua. Halikuchukua muda hata wa kuvuta pumzi mbili. Jioni alikaa na Bibi Wadha barazani, wakanywa kahawa, na hakumwambia.

*

Mji ungeweza kustahimili. Waliokuwa nje nao walikuwa na kiu, na farasi wao walianza kufa. Kapteni wa ukuta alisema mwezi mmoja tu, mwezi mmoja, na Sultani wa Kasaba atafunga mahema arudi alikotoka.

Lakini Jumatano moja, saa nne ya asubuhi, Mfalme Muqbili alimwachia kiti ami yake Dhari. Alimwachia katika ukumbi wa kuingilia, na watumishi walipiga deki mpaka adhuhuri.

Mfalme Dhari alikuwa mtu wa miaka sitini aliyengojea kiti hicho maisha yake yote. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuwa mfalme wa kwanza. Vitabu vilishushwa rafuni. Jina la Muqbili, ambalo Mwalimu Shali alikuwa ameliandika mara elfu, likaanza kukwanguliwa, pamoja na kila amri aliyotoa, kwa kuwa hakuwapo wa kuitoa. Na miongoni mwa amri hizo ilikuwamo ile ya kufungua kisima.

Sheikh Nasbani ndiye aliyeligundua hilo. Mwalimu Shali alimwona amesimama na karatasi mkononi, ameganda. Kisha mzee yule, ambaye alikuwa ametumikia wafalme wengi wa kwanza bila kupata kuuliza kitu, alikwenda barazani akapiga magoti.

"Maulana, kisima..."

"Kisima gani?" aliuliza Mfalme Dhari.

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kujiokoa. Sheikh Nasbani aliinamisha paji la uso mpaka sakafuni. "Nimeteleza ulimi, maulana," alisema, akarudi nyuma kwa magoti mpaka mlangoni.

Jiwe lilirudishwa siku hiyo hiyo. Askari wanane waliwekwa juu yake kulinda mahali ambapo hapakuwa na kitu. Mfalme alitangaza kwamba atachimba kisima chake mwenyewe, kizuri zaidi, na watu sitini wakapewa sururu. Walichimba siku sita ndani ya mwamba. Walitoa mawe, kisha mawe, kisha wenzao watatu waliozirai na hawakuamka.

Siku ya saba, baada ya sala ya alasiri, Nuwayri alitoka mtaa wa ngozi na viriba vyake vitupu mabegani. Hakupiga kelele wala hakumwita mtu. Wanawake waliokuwa wameketi vizingitini walimwona anakoelekea, wakachukua viriba vyao nao wakamfuata. Walipofika lango la kusini walikuwa kama mia mbili. Mlinzi aliuliza wanakwenda wapi.

"Kuteka maji," alisema Nuwayri.

"Huko nje kuna jeshi."

"Kuna wageni," alisema Nuwayri. "Wamengoja sana."

Akaweka bega lake chini ya komeo la lango, lile gogo zito la mkwaju, na wengine wakaweka mabega yao, likainuka. Walinzi waliwatazama. Mmoja wao, kisha wawili, kisha wote waliweka mikuki ukutani wakasaidia kusukuma. Jeshi la Kasaba liliingia Dhamra bila kurusha mshale, likapita pembezoni mwa njia kuwapisha wanawake wenye viriba waliogeuka kuelekea kwenye jiwe la kisima.

Mfalme Dhari alikuwa ametawala siku kumi na tatu.

*

Washindi hawakuua watu wengi. Walikuwa na utaratibu. Kisima cha tano kilifunguliwa, na juu yake pakawekwa kibao kinachosema kimechimbwa na Sultani wa Kasaba. Wanaume wa Banu Sahwani walifungwa minyororo mirefu na kupelekwa kusini. Kisha likaja jambo la makaburi. Sultani hakutaka mahali ambapo watu wangekusanyika siku za mbele na kukumbuka, kwa hiyo kila kaburi la mfalme lilipaswa kufukuliwa, mifupa itawanywe mchangani. Na kwa kuwa makaburi ya Dhamra hayakuwa na majina, njia pekee ya kuyajua ilikuwa kuwauliza wanawake.

Waliitwa mmoja mmoja. Ukumbi ulikuwa wa Diwani ya Kumbukumbu, na mezani aliketi amiri wa jeshi, mtu wa makamo mwenye adabu, pembeni yake Sheikh Nasbani akiwa katika kanzu safi, kwani washindi walihitaji mtu anayejua daftari zilipo. Mwalimu Shali alikuwa mwandishi. Aliahidiwa kwamba kazi hiyo ikiisha atapewa ngamia na barua ya kumfikisha pwani.

Alipoingia Bibi Wadha, Mwalimu Shali aliichovya tena kalamu iliyokwisha kuwa na wino.

"Kaa, mama," alisema amiri. "Tumeambiwa wewe ni mama wa mfalme. Aliitwa Turadi. Waliopo mjini wanamtaja sana kwa sababu ya kisima. Hatuna ugomvi nawe. Ukitaja mwanao na alipolala, utachukuliwa Kasaba kwa heshima, utakaa na wake za Sultani, na jina lake litaandikwa katika orodha ya wafalme walioshindwa. Orodha hiyo itahifadhiwa. Sisi hatufuti."

Kwa muda wote aliomjua, Mwalimu Shali hakupata kumwona akisita kujibu. Sasa alisita. Alitazama daftari lililokuwa wazi mezani, ile karatasi nyeupe, nzito, na wino mweusi kando yake. Mkono wake ulisogea kidogo juu ya paja, kidole kimoja kimenyooka, kama kinatafuta kitu cha kugusa.

"Sikuzaa," alisema.

Amiri alinyanyua macho. "Samahani?"

"Watu wanapenda maneno. Mimi ni mjane tu, niliyepewa nyumba ile kwa hisani. Sikuzaa. Mungu hakunipa."

Amiri alimgeukia Sheikh Nasbani. "Wewe umeishi hapa miaka yote. Ni kweli?"

Sheikh Nasbani alikuwa amempakata Turadi siku ya akika yake; habari hiyo aliwahi kumwambia Mwalimu Shali siku moja ya udhaifu. Sasa aliinamia mikono yake. "Sijui mambo ya ndani ya nyumba za watu," alisema. "Mwalimu huyu alikaa kwake."

Wote wawili walimtazama Mwalimu Shali. Bibi Wadha hakumtazama. Alitazama mbele, na shingo yake ilikuwa imesimama wima kama ya mtu aliyebeba mtungi uliojaa.

Mwalimu Shali alisema, "Nimekaa nyumbani kwake miaka miwili. Hakuna alama ya mtoto katika nyumba ile. Hakuzaa."

"Basi andika," alisema amiri.

Akaandika. Yule mama akaruhusiwa kwenda zake.

Mwalimu Shali alimkuta njiani, akatembea nyuma yake hatua chache mpaka ukuta wa mashariki. Alitaka kumwambia habari ya wino aliotia maji, na ya kisu siku ya tano. Alikuwa ameyapanga maneno yake vizuri. Mlangoni Bibi Wadha aligeuka, na uso wake ulikuwa umezeeka asubuhi ile moja kuliko miaka miwili yote.

"Umepewa ngamia?"

"Kesho, mama."

"Leo lala kwingine. Wakikuona hapa watauliza unakuja kwa nani."

"Mama, kuna jambo..."

"Najua," alisema. "Jina lililokaa imara halikwanguliwi siku ya tano. Jirani yangu ana mtu Diwani. Uliponiambia ndiyo, ulinipa siku tano, mwalimu. Nenda kwenu."

Akaingia, akafunga mlango kwa komeo. Mwalimu Shali alibaki nje akiegemea ukuta wa udongo, jua likimpiga utosini. Alisikia nyayo zake zikipita baraza ya ndani, zikitoka nyuma kwenye mitende. Kisha akasikia ufagio, taratibu, ukifagia ardhi, na sauti ya mama yule ikiongea na mtu kwa kunong'ona, ikimwomba radhi, ikirudia neno lile lile moja ambalo Mwalimu Shali, hata alipobana sikio lake ukutani, hakuweza kulisikia.